Kujitoa Mhanga na Kutolewa Kafara: Swali la Ridhaa katika Upinzani Usiotumia Mabavu

Aghalabu wanaoandika juu ya harakati za haki za raia nchini Marekani huupima urithi wa harakati hizo kwa sheria zilizotokana nazo: Sheria ya Haki za Raia iliyotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya tarehe 6 Agosti 1965. Kipimo hicho si kibaya. Kasoro yake ni kwamba kinaliacha nje swali ambalo wanaharakati wenyewe walilala nalo na kuamka nalo, na ambalo hakuna sheria iwezayo kulijibu: ni kwa haki gani mtu anaweza kumwambia mwenzake aliyepigwa asirudishe pigo? Na akikubali kutolirudisha, mateso yake yanakuwa mali ya nani?

Makala haya yanashikilia kwamba urithi wa kudumu wa upinzani usiotumia mabavu umo katika jibu ambalo wanaharakati hao walijaribu kulitoa kwa swali hilo, yaani jibu la ridhaa. Yanashikilia pia kwamba jibu hilo lina ufa, na kwamba walioutambua ufa huo mapema zaidi ni wale wale waliokuwa wakilijenga. Katika miongo iliyofuata, hata hivyo, urithi huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu, na kile kilichokuwa nadhiri ya mtu juu ya nafsi yake kikawa amri ya wenye nguvu kwa wanyonge.

Kiswahili kinatoa msaada mahali pa kuanzia. Mtu hujitoa mhanga, kafara hutolewa. Katika matumizi ya kawaida, vitendo hivi viwili huweza kufanana kwa nje hata mtazamaji asivitofautishe: mwili unaumia, na kwa kuumia kwake watu wengine wanapata heri au wanaepukana na balaa. Tofauti yote imo katika kitenzi. Kiambishi -ji- kinamrejeshea mtendaji tendo lake, ilhali kauli ya kutendwa inamfanya kafara kuwa kitu mikononi mwa mwingine. Mbuzi wa kafara haulizwi. Msomaji wa Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) atakumbuka wale wajumbe sita ambao Karama anawaelezea mbele ya baraza, waliotumwa nchi za mbali wakarudi na maarifa, na malipo yao yakawa adhabu. Mmojawapo anaitwa Ridhaa. Majina katika riwaya ile hayakuokotwa njiani, na jina hilo lingefaa kuwa anwani ya mjadala huu mzima.

Ridhaa ya aina hii haiji yenyewe. Mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, kabla ya mwaka 1960, James Lawson alianza kuendesha warsha katika kanisa la Kimethodisti. Lawson alikuwa amefungwa jela kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Korea, kisha akaishi India kama mmishonari na kuisoma njia ya Gandhi. Waliokuja kwake walikuwa wanafunzi wa vyuo: Diane Nash, John Lewis, James Bevel, Bernard Lafayette na wengine. Zoezi lao kuu lingetambuliwa mara moja na mtu yeyote wa tamthilia. Baadhi yao waliigiza wateja weupe wenye hasira. Wakawatukana wenzao kwa matusi yale yale ambayo wangeyasikia mjini, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawavuta kutoka vitini. Wenzao walijifunza kukaa. Walijifunza jinsi ya kuukinga utosi kwa mikono, jinsi ya kumtazama anayepiga machoni, jinsi ya kuingia kati pale mwenzao mmoja anapopigwa kupita kiasi ili mapigo yagawanyike. Tarehe 13 Februari 1960, siku kumi na mbili baada ya wanafunzi wanne wa Greensboro kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka ambalo halikuwauzia Weusi chakula wakiwa wameketi, kikundi cha Nashville kiliingia madukani.

Wahakiki wameandika mengi juu ya maandamano kama tamthilia, na wengi wamekomea kwenye jukwaa. Inafaa kuyatazama mazoezi. Warsha ya Lawson ilikuwa na kazi mbili, na ya pili haikusemwa kwa sauti: ilimpa mtu nafasi ya kujua kwamba hawezi. Aliyejiona atarudisha pigo aliweza kupewa kazi nyingine, na hapakuwa na aibu katika hilo. Bila mlango huo wa kutokea, ridhaa ya waliobaki isingekuwa na maana. Gandhi alikwisha kusema kwamba iwapo hapana budi kuchagua kati ya woga na mabavu, yeye angeshauri mabavu. Maana ya kauli hiyo ni kwamba asiyeweza kupiga hawezi kusifiwa kwa kutopiga. Unyonge na upinzani usiotumia mabavu ni vitu viwili mbali, japo adui wa vyote viwili hupenda kuviita kwa jina moja.

Lakini ridhaa ya anayeteseka ni nusu tu ya jambo. Njia hii humhitaji pia mtu wa tatu, mtazamaji, na humhitaji adui ambaye atafanya hadharani kile ambacho siku zote amekifanya gizani. Hilo lilidhihirika huko Albany, Georgia, mwaka 1961 na 1962. Mkuu wa polisi wa mji huo, Laurie Pritchett, alikuwa amejisomea mbinu za wanaharakati. Aliwakamata mamia ya watu kwa adabu, akatafuta nafasi katika jela za wilaya jirani ili ya kwake isijae, na akahakikisha kwamba polisi wake hawapigi mtu mbele ya kamera. Kampeni ikafifia. Reinhold Niebuhr, mwanatheolojia aliyechapisha kitabu chake juu ya maadili ya mtu binafsi na ya jamii mwaka 1932, alikuwa ameonya kwamba kutotumia mabavu nako ni kushurutisha, na kwamba tofauti yake na mabavu si ya mbingu na ardhi kama wafuasi wake wapendavyo kuamini. Albany ilimpa haki nusu. Ilionyesha kwamba shuruti hiyo hukosa makali pale ambapo adui amejifunza adabu.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapokuwa zito. Iwapo njia inafaulu pale tu mabavu ya adui yanapoonekana, basi anayeipanga kampeni hana budi kutafuta mahali ambapo mabavu hayo yatatoka nje. Mwaka 1963 mahali hapo palikuwa Birmingham, Alabama, ambako kamishna wa usalama wa umma, Eugene Connor, hakuwa mtu wa adabu. Kampeni ilianza tarehe 3 Aprili. Martin Luther King alikamatwa tarehe 12, siku ya Ijumaa Kuu. Hata hivyo watu wazima waliokuwa tayari kwenda jela walizidi kupungua, kwani aliyekwenda jela aliweza kurudi na kukuta hana kazi wala nyumba. Ndipo James Bevel, yule kijana wa warsha za Nashville, alipotoa shauri la kuwaita wanafunzi wa shule.

Kabla ya kulihukumu shauri hilo, inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu mjadala juu yake ulikuwa umekwisha kuanza bila Birmingham. Tarehe 4 Septemba 1957, Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, alifika peke yake kwenye Shule ya Upili ya Central mjini Little Rock. Wenzake wanane walikuwa wamepashwa habari kwamba wangekwenda pamoja. Nyumbani kwao hapakuwa na simu. Picha za msichana huyo akitembea huku umati wa Wazungu ukimzomea nyuma yake zilienea duniani. Mwanafalsafa Hannah Arendt alichapisha mwaka 1959, katika jarida la Dissent, insha juu ya yaliyotokea Little Rock. Swali lake lilikuwa kali: je, imefikia hatua kwamba watoto ndio wapiganie siasa ambazo wazazi wao hawakuweza kuzipigania? Arendt aliona kwamba mtoto ametolewa kutoka mahali pa usalama, yaani nyumbani, na kusukumwa mstari wa mbele kwa niaba ya wakubwa.

Aliyemjibu kwa uzito zaidi hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa mwandishi wa riwaya, Ralph Ellison, katika mahojiano yaliyotokea kwenye kitabu cha Robert Penn Warren cha mwaka 1965. Ellison alidai kwamba Arendt hakuielewa dhana ya kujitoa iliyomo katika maisha ya Weusi wa Kusini. Wazazi waliompeleka mtoto katikati ya umati ule walijua vema wanafanya nini. Kwao tukio hilo lilikuwa mfano wa jando: mtoto anapitishwa kwenye hofu ambayo atakabiliana nayo maisha yake yote, na anatarajiwa kuikabili akiwa na nafsi iliyotulia. Mwaka huo huo Arendt alimwandikia Ellison barua akikiri kwamba dhana hiyo ya kujitoa ndiyo hasa hakuielewa. Ni nadra mwanafalsafa wa daraja lake kukiri hivyo, na kwa hilo anastahili heshima.

Hata hivyo kukiri kwa Arendt hakumalizi mambo, na wahakiki wanaomnukuu Ellison kama aliyeufunga mjadala wanafanya haraka. Jando halimwombi kijana ridhaa. Uhalali wake unatoka kwingine: waliompeleka wamewahi kupita pale pale, wamesimama karibu naye, na watampokea akitoka. Kwa hiyo Ellison hakusema kwamba mtoto amejitoa mhanga. Alisema kwamba kuna tendo la tatu, lisilo mhanga wala kafara, ambamo jamii inamtoa mtoto wake huku ikijitoa yenyewe pamoja naye. Je, Birmingham ilikuwa jando la namna hiyo?

King alisitasita. Bevel alimjibu kwa hoja ambayo uzito wake unaonekana tu kwa anayejua desturi ya Wabaptisti. Mtoto yeyote aliyefikia umri wa kujiunga na kanisa, alisema, amefikia umri wa kuandamana. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Anayebatizwa ni yule aliyeamini kwa hiari yake na kutamka imani hiyo mbele ya watu, hata kama ni mtoto wa miaka minane au tisa. Jamii ambayo tayari inakubali kwamba mtoto wa umri huo anaweza kuamua juu ya roho yake ya milele haiwezi kugeuka na kudai kwamba hawezi kuamua juu ya siku chache jela. Hoja hiyo ina mantiki. Ina pia wepesi fulani wa kutia shaka, kwa kuwa ubatizo haufuatwi na mbwa.

Tarehe 2 Mei 1963 watoto walitoka katika Kanisa la Kibaptisti la Barabara ya 16, kundi baada ya kundi, wakiimba. Siku hiyo peke yake walikamatwa kwa mamia. Kesho yake Connor aliamuru mbwa na mipira ya maji ya wazimamoto. Maji yaliwaangusha watoto na kuwaburura barabarani. Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Marekani, alilaumu kuwatumia watoto. Malcolm X, ambaye kwa kawaida hakukubaliana na Kennedy juu ya lolote, alilaumu pia, akisema kwamba wanaume wa kweli hawawaweki watoto wao mbele ya silaha. Tarehe 10 Mei mapatano yalitangazwa. Tarehe 11 Juni Rais John F. Kennedy alihutubia taifa na kuahidi mswada uliokuja kuwa sheria ya 1964. Kwa mizani ya matokeo, Bevel alishinda.

Jambo moja dogo katika kumbukumbu ya siku ile linastahili kutazamwa na wasomi wa fasihi. Picha iliyovuma kuliko zote, iliyopigwa tarehe 3 Mei na Bill Hudson wa shirika la habari la AP, inaonyesha mbwa wa polisi akimrukia kijana Mweusi tumboni. Kwa miaka mingi imesomwa kama taswira ya aliyejitoa bila kupinga. Kijana yule hakuwa mwandamanaji. Alikuwa amekuja kutazama, na anayeitazama picha kwa makini ataona goti lake limeinuliwa kumkabili mbwa. Hakupitia warsha yoyote wala hakutoa nadhiri yoyote. Dunia nzima ilimpa nia ambayo hakuwa nayo, na katika miaka ya 1990 tukio hilo likachongwa sanamu katika bustani ya Kelly Ingram, ng'ambo ya kanisa. Hivyo ndivyo mtu wa tatu, yule mtazamaji, anavyoweza kumfanya mtu mhanga bila kumuuliza.

Jibu bora zaidi kwa Arendt, na kwa Robert Kennedy pia, halikutoka Birmingham. Lilikuwa limetolewa mwaka mmoja kabla, Jackson, Mississippi. Diane Nash alihukumiwa miaka miwili jela kwa kosa la kuchangia upotovu wa watoto: kosa lenyewe lilikuwa kuwafundisha vijana wa mji huo kupinga bila mabavu. Mwezi wa Aprili 1962, akiwa mjamzito, aliacha rufani yake na kwenda kujisalimisha. Alieleza kwamba mtoto yeyote Mweusi atakayezaliwa Mississippi amekwisha kuzaliwa gerezani, awe amezaliwa ndani ya jela au nje. Mwishowe jaji alimfunga siku kumi, kwa sababu alikataa kuketi upande wa Weusi mahakamani. Uzito wa tendo hilo uko katika jinsi linavyoubomoa msingi wa hoja ya Arendt. Kusema kwamba mtoto ametolewa mahali pa usalama ni kudai kwamba mahali hapo palikuwapo. Wazazi wa Birmingham, mji ambao nyumba za Weusi zililipuliwa kwa mabomu mara nyingi kiasi cha mtaa mmoja kuitwa Mlima wa Baruti, walijua kwamba hapakuwapo. Watoto wao walikuwa mstari wa mbele kabla ya Bevel kuwaita. Tofauti aliyoileta ni kwamba sasa wangekuwa pale kwa kauli yao wenyewe, mchana, na mbele ya mashahidi.

Hoja hiyo ni nzito kuliko zote zilizotolewa kutetea njia hii. Na miezi minne baadaye ilijaribiwa. Jumapili tarehe 15 Septemba 1963 bomu lililipuka katika kanisa lile lile la Barabara ya 16 na kuwaua wasichana wanne: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, na Carol Denise McNair wa miaka 11. Hawakuwa wakiandamana. Walikuwa kanisani siku ya Jumapili. Hakuna fasili ya ridhaa, ya Kibaptisti wala ya Nashville, inayoweza kuwafikia. Tarehe 18 Septemba King alihubiri kwenye maziko ya watatu kati yao, akarudia fundisho lake kwamba mateso yasiyostahiki yana uwezo wa kuokoa, na kwamba damu ile isiyo na hatia huenda ikawa chanzo cha uzima mpya kwa mji ule.

Mhubiri aliye mbele ya majeneza ya watoto hana maneno mengi ya kuchagua, na si haki kumhukumu kwa mizani ya chumba cha semina. Lakini kifalsafa, hatua aliyoichukua ni kubwa mno. Mateso yanayookoa, katika mafundisho ya Nashville, ni yale ambayo mtu ameyapokea akijua. Kuyatanua hadi yawafunike waliouawa bila kuulizwa ni kuchukua kifo cha mtu na kukipa maana kwa niaba yake. Ni kumgeuza aliyefanywa kafara kuwa aliyejitoa mhanga. Familia ya Robertson ilikuwa imechagua kumzika binti yao peke yake, tarehe 17, katika ibada nyingine. Yawezekana kulisoma tendo hilo kwa namna nyingi. Lililo wazi ni kwamba kilio chao hawakukichanganya na cha umma.

Ufa huo ndio uliowafanya wengi katika harakati zenyewe wasiiamini njia hii kama imani, hata walipoitumia kama mbinu. Inasahauliwa mara kwa mara kwamba nyumbani kwa King mwenyewe, Montgomery, baada ya kulipuliwa kwa bomu tarehe 30 Januari 1956, palikuwa na silaha. Bayard Rustin alizikuta. Mwaka 1964 Weusi wa Jonesboro, Louisiana, waliunda kikundi cha kujilinda kwa bunduki, na wanakikundi wake walilinda maandamano ya Mississippi mwezi wa Juni 1966 ambamo King alitembea.

Mjadala ulifika hata Nairobi. Mwezi wa Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa Kenya, Oginga Odinga alizuru Atlanta na kukutana na vijana wa kamati ya wanafunzi ya kupinga bila mabavu. Baadhi yao waliotoka kumsalimu waliingia mkahawa uliokuwa karibu, wakanyimwa huduma, wakakamatwa. Mwaka uliofuata, katika ziara ya Afrika, John Lewis na Donald Harris walikutana na Malcolm X katika hoteli moja ya Nairobi bila kupanga, wakazungumza kwa muda mrefu. Hao walikuwa vijana waliofunzwa kutorudisha pigo, wakiketi na mtu aliyewalaumu wakubwa wao kwa kuwatoa watoto, katika mji ambao uhuru wake ulikuwa umetanguliwa na vita vya msituni. Ni kosa kuichora historia hii kama kambi mbili zisizosalimiana.

Sasa inabakia kuutazama urithi kama unavyotumiwa. Kiswahili kinaisifu subira: huvuta heri, na mwenye kuwa nayo hula mbivu. Barua ya King kutoka jela ya Birmingham, aliyoanza kuiandika pembezoni mwa gazeti na ambayo ina tarehe 16 Aprili 1963, ni mojawapo ya maandishi makali zaidi dhidi ya fadhila hiyo. Makasisi wanane weupe walikuwa wamewashauri Weusi wangoje. King anawajibu kwamba neno hilo, kwa aliyezoea kuambiwa, maana yake imekuwa ni kutopata kamwe. Na kwamba kikwazo kikubwa huenda si mbaguzi wa wazi, ni yule mtu wa wastani apendaye utulivu kuliko haki. Barua hiyo haihimizi upole, na anayeisoma kama waraka wa upole hajaisoma. James Baldwin, mwaka huo huo, aliandika kwa uchungu zaidi kwamba Wazungu huona kutotumia mabavu kuwa fadhila kwa Weusi kwa sababu hawataki maisha yao na mali zao ziguswe.

Mwaka 1966 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 63 ya Wamarekani hawakuwa na maoni mazuri juu ya King. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyoifanya siku ya kuzaliwa kwake kuwa sikukuu ya taifa, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Mtu huyo aliyechukiwa na wengi alipendwa na karibu wote baada ya kufa, na katika safari hiyo kitu kiliachwa njiani. Katika machafuko mengi yaliyofuata mauaji yaliyofanywa na polisi, likiwemo la George Floyd mwezi wa Mei 2020, jina lake lilitajwa haraka na watu ambao hawakuwa wamepigwa, wakiwaambia waliopigwa watulie. Sentensi inayosemwa ni ile ile ya Nashville. Msemaji ndiye aliyebadilika, na katika maadili msemaji anapobadilika sentensi nayo huwa nyingine. Lawson aliyewaambia wanafunzi wasirudishe pigo alikuwa amefungwa jela kwa imani hiyo. Anayelisema hilo kutoka ofisini, akiwa na polisi wa kumlinda, anaomba kafara.

King aliliona hilo akiwa hai. Tarehe 4 Aprili 1967, katika kanisa la Riverside mjini New York, alisimulia jinsi alivyotembea kati ya vijana wenye hasira wa mitaa ya Weusi akiwaambia kwamba bunduki na mabomu ya petroli hayatatatua shida zao. Vijana walimuuliza: na Vietnam je? Aliungama kwamba swali lao lilimpata, kwamba hangeweza tena kuwakemea walioonewa bila kwanza kusema wazi juu ya serikali yake mwenyewe. Magazeti makubwa yalimlaani na baadhi ya washirika wake wakamtenga. Hapo nadhiri ilirudishwa mahali pake: anayewataka wengine waweke mabavu chini aanze kwa kuyadai kutoka kwa aliye nayo mengi zaidi. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, aliuawa Memphis, alikokuwa amekwenda kuunga mkono mgomo wa wazoa taka.

Kuhusu wale wasichana wanne, Diane Nash ameeleza hadharani kilichotokea jioni ya Jumapili ile ya Septemba. Yeye na Bevel, mumewe wakati huo, waliketi wakizingatia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwatafuta wauaji na kuhakikisha wanauawa, nao waliona kwamba hilo lingewezekana. Ya pili ilikuwa kuwapatia Weusi wa Alabama haki ya kupiga kura, ili waweze kuwalinda watoto wao wenyewe. Wote wawili walikuwa wamefuzu warsha, na bado ile njia ya kwanza waliipima kwa uzito wake wote kabla ya kuiacha. Mpango walioandika usiku ule ndio uliozaa, baada ya mashauriano marefu, maandamano ya Selma na sheria ya 1965. Sheria hiyo ilipunguzwa makali na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani mwaka 2013, katika kesi iliyotoka wilaya ya Shelby, Alabama, inayopakana na wilaya ya Birmingham. Wauaji watatu walitiwa hatiani: mmoja mwaka 1977, wa pili mwaka 2001, wa tatu mwaka 2002, miaka 39 baada ya bomu.